Albinen, faranga 25,000, na jinsi kijiji cha Uswisi kinavyojiendesha

Ujumbe huo hauishi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: kuna kijiji Uswisi kimeishiwa watu, ukikubali kuhamia unapewa mamilioni. Huja na picha ya nyumba za mbao nyeusi zilizobanana mlimani, theluji kwa nyuma, na wakati mwingine kiungo cha "kujiandikisha" ambacho kazi yake ni kukusanya taarifa zako tu. Kijiji kipo kweli. Kinaitwa Albinen. Fedha nazo zipo, na wanakijiji wenyewe walizipigia kura tarehe 30 Novemba 2017: 100 wakasema ndiyo, 71 wakasema hapana. Kinachodondoka njiani ni masharti. Pamoja na masharti hupotea pia sehemu tunayoiona sisi kuwa tamu zaidi, yaani jinsi watu mia mbili na arobaini hivi walivyoweza kukaa kikao, kuhesabu kura na kuamua kutoa fedha zao wenyewe bila kumwomba waziri yeyote ruhusa.

Albinen iko katika kantoni ya Valais, kusini magharibi mwa Uswisi, wilaya ya Leuk, upande wa kantoni unaozungumza Kijerumani. Imekaa kwenye mteremko, kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Chini yake kuna korongo la mto Dala, na chini zaidi, mita mia sita na ushee, unapita mto Rhône ukielekea Ziwa Geneva. Juu yake mlima unapanda hadi kilele cha Torrenthorn, mita 2,998. Jirani wa karibu ni Leukerbad, mji mdogo wa chemchemi za maji moto ambao watalii huujua kuliko kijiji chenyewe.

Nyumba zimebanana kwa sababu moja tu: ardhi inayolimika ilikuwa chache mno kuipoteza kwa kiwanja. Kila kipande kisicho na mwinuko mkali kilihifadhiwa kwa nyasi za mifugo, rai (nafaka ya mkate) na viazi. Kwa hiyo watu walijenga ukuta kwa ukuta, ghorofa ya chini ya mawe, za juu za mbao za msonobari ule wa mlimani unaopukutisha majani majira ya baridi. Weusi unaoonekana kwenye picha si rangi iliyopakwa. Ni jua. Mbao hizo zikikaa miaka mingi zikitazama kusini hugeuka kahawia, kisha karibu nyeusi, wakati upande wa kaskazini hubaki wa kijivu. Ukiona jengo dogo limeinuliwa kwa vigingi, na juu ya kila kigingi kimelazwa jiwe bapa la duara, hilo ni ghala la nafaka. Panya anaweza kupanda kigingi, ila akifika chini ya jiwe hana pa kushika, anarudi alikotoka.

Kabla ya barabara, njia fupi ya kwenda Leukerbad ilikuwa ngazi za mbao, nane kwa idadi, zilizofungwa kwenye ukuta wa mwamba kama mita 100 kwenda juu. Si mapambo ya watalii. Ndizo walizopanda watu wa Albinen wakiwa na mizigo mgongoni kupeleka bidhaa kwa wageni wa maji moto. Bado zipo na bado zinapandwa. Mwenye kizunguzungu azunguke kwa barabara.

Mgeni akiona theluji hudhani Valais ni nchi ya maji tele. La hasha. Milima mirefu ya pande zote mbili hunyang'anya mawingu mvua yake kabla hayajafika bondeni, na sakafu ya bonde kati ya Visp na Sierre hupata kama milimita 600 kwa mwaka. Nyasi haziwezi kustawi kwa hizo. Ndiyo maana tangu enzi za kati wanavijiji walichimba mifereji ya kuleta maji kutoka kwenye vijito vinavyolishwa na barafu za juu, wakiipitisha kando ya miamba, penginepo kwa magogo yaliyochongwa na kuning'inizwa juu ya genge. Wazungumzaji wa Kijerumani huiita Suonen, wa Kifaransa huiita bisses. Mtu aliyekulia Kilimanjaro ataielewa bila kueleweshwa, kwa kuwa ni mfongo ule ule wa Wachaga: maji ya wote, zamu kwa kila mmoja, faini kwa anayefungua mlango wake usiku.

Zamu ziliandikwa juu ya mbao. Katika Valais ya juu kulikuwa na vijiti vilivyochongwa alama ya familia, na pembeni mikato iliyoonyesha ni muda gani wa maji familia hiyo inastahili. Hakuna aliyehitaji kujua kusoma. Kijiti kilikuwa hati, na kubishana nacho kulikuwa sawa na kubishana na kijiji kizima. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza umwagiliaji wa jadi wa Uswisi na wa nchi nyingine sita za Ulaya kwenye orodha ya urithi usioshikika.

Kanuni za namna hii si hadithi za wazee. Huko Törbel, kijiji kingine cha Valais mashariki zaidi, juu ya bonde la Visp, kuna makubaliano yaliyoandikwa mwaka 1483 kuhusu malisho ya pamoja, na kanuni ya mwaka 1517 inayosema kwamba mtu haruhusiwi kupeleka malisho ya juu ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Sentensi moja, na ndani yake hesabu yote ya milimani. Ng'ombe mkubwa hula kama kilo 15 za nyasi kavu kwa siku. Baridi ya siku 200 ni tani tatu. Nyasi hizo lazima uzikate, uzikaushe na uzihifadhi mwenyewe kwenye shamba lako wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mwenye shamba dogo hawezi kununua ng'ombe mia Juni, akawanenepesha bure kwenye nyasi za umma, akawauza Septemba. Mwanaanthropolojia Mmarekani Robert Netting aliichunguza Törbel kwa kina, na Elinor Ostrom akaitumia kama mfano kuonyesha kuwa mali ya wote haiangamii kwa lazima, ilimradi watumiaji wana kanuni na nguvu ya kuzisimamia. Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata.

Serikali ya watu mia mbili

Msomaji wa Tanzania ana faida hapa, maana maneno anayo tayari: mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri ya kijiji. Tofauti iko kwenye mfuko. Uswisi ina ngazi tatu za serikali, yaani shirikisho, kantoni 26 na chini yake vijiji na miji 2,131 kwa hesabu ya Januari 2024. Kila ngazi hutoza kodi yake ya mapato. Kijiji hupanga kiwango chake ndani ya mipaka iliyowekwa na kantoni, na ndiyo maana watu wawili wenye mshahara uleule, waliotengana kwa kilomita tano, wanaweza kulipa kodi tofauti kabisa.

Mkutano mkuu hukaa angalau mara mbili kwa mwaka, mara moja kupitia hesabu za mwaka uliokwisha na mara nyingine kupitisha bajeti. Halmashauri huchaguliwa kwa miaka minne, na katika kijiji kidogo wanaoongoza si wanasiasa wa kulipwa. Ni fundi bomba, mwalimu, mkulima, mtu wa benki anayefanya kazi bondeni. Wanakutana jioni, wanalipwa posho ndogo. Mmoja anashika maji na maji taka, mwingine barabara na theluji, mwingine shule. Bomba likipasuka saa nane usiku, simu inayolia si ya idara.

Udhaifu wa mfumo huo unajulikana na kila mtu: watu wanakwisha. Kijiji chenye wapiga kura mia mbili, nusu wazee, kikihitaji watu watano wa halmashauri, wa zimamoto, wa kamati ya shule na wa kukagua hesabu, jina lako litafikiwa tu. Katika kantoni kadhaa, zikiwemo Valais na Uri, sheria inaruhusu mtu achaguliwe bila kugombea na alazimike kukubali, isipokuwa awe na sababu inayotambulika kama umri au ugonjwa. Ni sheria kali, lakini bila hiyo baadhi ya vijiji vingekosa serikali. Vingine vimeamua kuungana. Kantoni ya Glarus ilikuwa na vijiji 25 vyenye serikali zake. Kuanzia Januari 2011 imebaki na vitatu. Corippo katika kantoni ya Ticino, kilichokuwa kidogo kuliko vyote nchini kwa watu kumi na kidogo, kilimezwa na Verzasca mwaka 2020. Mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na vijiji na miji 2,899.

Uhuru huo wa vijiji kujiamulia umewahi kutumika kwa ujasiri. Tarehe 3 Machi 1957, wakati wanawake wa Uswisi hawakuwa na haki ya kupiga kura, taifa liliulizwa kama wanawake walazimishwe kuingia kwenye ulinzi wa raia. Halmashauri ya Unterbäch, kijiji cha mlimani upande wa pili wa bonde la Rhône, iliona ni aibu kuwaamulia watu jambo linalowahusu wao bila kuwauliza. Ikawafungulia wanawake wake mlango wa kituo, ingawa kantoni na shirikisho vilisema haiwezekani. Katharina Zenhäusern, mke wa mwenyekiti wa kijiji, alitumbukiza kura ya kwanza, na kwa jumla walipiga wanawake 33, wengine wakizomewa njiani. Kura zao ziliwekwa kwenye sanduku la peke yake na hazikuhesabiwa. Haki yenyewe ya kitaifa ilikuja Februari 1971.

Na umewahi kutumika vibaya, tena hapo hapo jirani na Albinen. Leukerbad, mji wa watu elfu moja na mia tano hivi, ulikopa na kukopa miaka ya 1980 na 1990 kujenga mabwawa ya maji moto, ukumbi, maegesho na mengineyo, hadi mwaka 1998 ukashindwa kulipa. Madeni ya mji na kampuni zake yalikuwa yamepita faranga milioni 300. Kantoni ikaushika usukani. Wadai wakaishtaki kantoni ili ilipe, Mahakama ya Shirikisho mwaka 2003 ikasema kantoni haiwajibiki. Tangu hapo benki za Uswisi huangalia hesabu za kijiji kabla ya kukikopesha, kama zinavyomwangalia mfanyabiashara mwingine yeyote. Wanakijiji wa mlimani wanaopiga kura kuhusu fedha wanajua mfano huo vizuri. Wanaweza kuuona kutoka njia panda.

Chanzo kingine cha mapato ya vijiji vya Valais ni maji yaleyale. Mto Rhône ni wa kantoni, ila mito inayoingia humo ni ya vijiji. Kampuni ya umeme ikitaka kuweka mtambo hulipa kodi ya maji, isiyozidi faranga 110 kwa mwaka kwa kila kilowati ya nguvu ghafi, na mkataba hauzidi miaka 80. Baada ya hapo sehemu kubwa ya mtambo hurudi kwa wenye mto. Kijiji chenye bwawa juu yake kinaweza kuwa tajiri kimya kimya. Kisicho na bwawa huhesabu senti.

Masharti yenyewe

Hadi 2017 Albinen ilikuwa imepoteza familia kadhaa mfululizo, shule ilikuwa imefungwa, na watoto wachache waliobaki walikuwa wakipanda basi kwenda kusoma kwingine. Wazo la kutoa fedha lilitoka kwa vijana wa kijiji wenyewe, wakakusanya saini. Kiasi ni faranga 25,000 kwa kila mtu mzima na 10,000 kwa kila mtoto, kwa hiyo baba, mama na watoto wawili wanafikisha 70,000. Hiyo ndiyo namba inayosafiri kwenye simu.

Sasa yanayobaki nyuma. Mwombaji awe chini ya miaka 45. Ajenge, anunue au akarabati makazi kwa thamani isiyopungua faranga 200,000. Makazi hayo yawe nyumbani kwake pa kudumu, si ya mapumziko. Akae miaka kumi; akiondoka kabla, fedha anazirudisha. Na awe raia wa Uswisi au mwenye kibali cha makazi cha aina C, yaani cha kuishi kwa kudumu. Hili la mwisho ndilo linalomaliza mazungumzo kwa wengi wa wasomaji wetu. Mtanzania, Mkenya au Mkongo kwa kawaida hupata kibali C baada ya kuishi Uswisi miaka kumi, mitano ya mwisho bila kukatika, na akionyesha anaijua lugha ya mahali kwa kiwango cha A2 (cha msingi) kwa kuzungumza na A1 (cha mwanzo kabisa) kwa kuandika. Mwenye ndoa na Mswisi, au aliyejitahidi zaidi kwenye lugha na kazi, anaweza kuomba baada ya miaka mitano. Aliyeko Arusha au Kisumu hana fomu ya kujaza. Kijiji kilifurikwa na maombi kutoka pande zote za dunia, na kikalazimika kutangaza kwamba hakigawi fedha kwa yeyote anayetaka tu kuja.

Kwa ndugu aliyeko Uswisi tayari, mwenye kibali, hesabu inafaa ifanywe taratibu. Tuseme nyumba ni faranga 400,000. Benki itataka asilimia 20 iwe yako, yaani 80,000, na angalau nusu ya hizo zisitoke kwenye mfuko wa pensheni wa kazini. Unabaki na mkopo wa 320,000. Benki haitapima uwezo wako kwa riba ya leo. Itapima kwa riba ya kufikirika ya asilimia 5, yaani 16,000 kwa mwaka. Itaongeza asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa matengenezo, 4,000. Kisha itakutaka ushushe mkopo hadi theluthi mbili ya thamani ndani ya miaka 15, ambayo ni kama 3,560 kwa mwaka. Jumla 23,560, na isizidi theluthi moja ya kipato cha familia. Kwa hiyo unahitaji mshahara wa kama 71,000 kwa mwaka kabla ya kuzungumza lolote. Hizo 70,000 za kijiji ni msaada mkubwa kwa aliye karibu kufika, hazimfikishi asiye na kitu.

Halafu kuna kikwazo ambacho hakitajwi kwenye ujumbe wowote: kupata nyumba yenyewe. Kijiji kimejaa nyumba tupu, na bado hakuna ya kununua. Katika Valais urithi uligawanywa sawa kwa watoto wote, kizazi baada ya kizazi, si mashamba tu bali na majengo. Ghorofa ya juu ya ndugu mmoja, ya chini ya mwingine, ghala nusu kwa nusu, zizi kwa robo. Leo jengo moja linaweza kuwa na wamiliki wa pamoja kumi na tano, baadhi wako Zürich, baadhi Marekani, mmoja hajulikani aliko. Hata mmoja akikataa kusaini, au akataka bei ya ndoto, hakuna mauzo. Nani asiyemjua shangazi wa namna hiyo? Wanaofanikiwa huanza kwa daftari la ardhi la wilaya, wanaorodhesha wenye hisa wote, wanawaandikia mmoja mmoja, na hawalipi mchoraji ramani mpaka saini zote ziko mezani kwa mthibitishaji. Anayeanza na mchoraji hupoteza fedha.

Nyumba nyingine tupu si za urithi bali za mapumziko. Zinafunguliwa wiki tatu Februari na mbili Agosti, siku nyingine madirisha yamefungwa. Waswisi walichoka na hilo, na tarehe 11 Machi 2012, kwa asilimia 50.6 tu, wakapitisha kwamba kijiji ambacho nyumba za namna hiyo zimepita asilimia 20 kisiruhusu nyingine mpya. Sheria ya utekelezaji ilianza Januari 2016. Valais iliipinga kwa nguvu, kwa kuwa mafundi wake waliishi kwa kuzijenga. Matokeo yake ni kwamba nyumba za zamani zilizokuwepo kabla ya kura zinaweza kubadilishwa kuwa za mapumziko, hivyo mwenye fedha wa mjini anamshindia kijana wa kijijini kwenye nyumba ileile. Ruzuku ya Albinen kwa kiasi fulani ni jibu kwa ushindani huo.

Siku ya kawaida

Mtu wa Albinen haishi kwa kuuza maziwa. Wengi hutoka kijijini kwenda kufanya kazi: Leukerbad kwenye hoteli na kliniki, Sierre, Leuk, au Visp ambako kiwanda cha Lonza kinaajiri maelfu, kile kile kilichotengeneza malighafi ya chanjo ya Moderna wakati wa UVIKO. Reli ya chini ya mlima Lötschberg, iliyofunguliwa 2007, imeisogeza Visp hadi chini ya saa moja na Bern. Kwa hiyo kijiji hakijakufa kwa kukosa kazi jirani. Kinapungukiwa na watu walio tayari kupanda na kushuka kila siku, Januari nayo ikiwamo.

Basi la njano la posta ndilo uti wa mgongo. Linafuata ratiba hadi dakika, na dereva hupiga honi ya noti tatu kwenye kona kali za mlimani. Likikupita jioni, lijalo huenda ni baada ya saa moja au zaidi, na la mwisho linaondoka mapema kuliko mtu wa mjini anavyodhani. Kwa hiyo kila familia yenye watoto huishia kuwa na gari, lenye matairi ya baridi kuanzia Oktoba hadi Pasaka na minyororo kwenye buti.

Theluji ina utaratibu wake. Kabla ya baridi, wafanyakazi wa kijiji huchomeka fito ndefu kando ya barabara, maana gari la kusukuma theluji likianza kazi alfajiri dereva haoni ukingo uko wapi. Gari lako lisilale kwenye njia hiyo. Theluji ya mbele ya mlango wako na ya juu ya paa ni juu yako, na ikimwangukia mpita njia unaweza kudaiwa. Taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko kwa ngazi tano. Wapandaji milima wengi hufa ikiwa ngazi ya 3, kwa kuwa ngazi ya 4 inawatisha wakabaki nyumbani.

Kila kijiji cha milimani kina ramani ya hatari yenye rangi. Nyekundu, hujengi. Bluu, unajenga kwa masharti, kwa mfano ukuta wa nyuma wa zege bila madirisha. Njano ni tahadhari. Kabla ya kuipenda nyumba yoyote, nenda ofisi ya kijiji uiombe ramani hiyo, haifichwi. Blatten, katika bonde la Lötschental lililo nyuma tu ya milima ya Leukerbad, ilionyesha kazi ya uangalizi huo. Mei 2025 mlima juu ya mto wa barafu wa Birch ulianza kuporomoka. Tarehe 19 kijiji chote, watu kama 300, kiliondolewa pamoja na mifugo. Tarehe 28 barafu na miamba vilishuka kwa pamoja na kufunika karibu asilimia 90 ya makazi; mto Lonza ukazibwa, ziwa likatokea, likazamisha nyingi ya nyumba zilizosalia. Aliyekufa ni mtu mmoja, aliyekuwa nje ya eneo lililofungwa. Kisheria Blatten bado ipo: ina halmashauri, ina wakazi walioandikishwa, inakaa mikutano.

King'ora utakisikia hata pasipo janga. Jumatano ya kwanza ya Februari, saa 7:30 mchana, ving'ora vya nchi nzima hujaribiwa kwa wakati mmoja. Mgeni asiyeambiwa hukimbia; wenyeji huendelea na kahawa.

Takataka ni mtihani wa kwanza wa kila mhamiaji. Mfuko wa takataka unalipiwa kodi, wa lita 35 ukigharimu kati ya faranga moja na mbili na kitu kutegemea mahali, na mfuko mwingine wowote hauchukuliwi. Karatasi ngumu hukunjwa na kufungwa kwa kamba. Chupa hutenganishwa kwa rangi kwenye makontena, na si Jumapili, kwa sababu ya kelele. Ukitupa mfuko usio halali msituni, watafungua waitafute bahasha yenye jina lako. Na wataipata.

Zimamoto pia ni ya wanakijiji wenyewe. Katika sehemu nyingi watu wazima wa umri wa kati wanatakiwa kutumikia, na asiyetumikia hulipa kodi ya badala. Tunashauri uingie. Kijiji kisichokujua kitakujua kwenye mazoezi ya Jumamosi na bia inayofuata, haraka kuliko kwa miaka mitatu ya kusalimiana barabarani. Kusalimiana nako ni lazima: kila unayepishana naye, unamjua humjui.

Kura ni jambo jingine. Mgeni mwenye kibali C hapigi kura katika vijiji vya Valais, wakati huko kantoni ya Neuchâtel wageni wana kura ya kijiji, waliyopewa mara ya kwanza mwaka 1849. Ukitaka uraia, mlango ni kijiji: shirikisho linataka miaka kumi nchini na kibali C, kantoni inaongeza masharti yake, na kijiji kinakuhoji, wakiuliza unajua mlima gani uko juu ya kanisa na nani ni mwenyekiti. Ukiupata, pasipoti yako haitaandika ulikozaliwa. Itaandika kijiji cha asili, na watoto wako watakirithi hata wasipowahi kukikanyaga.

Yote haya huanzia kwenye dirisha moja la ofisi, ambalo katika kijiji kidogo hufunguliwa asubuhi chache kwa wiki, hivyo angalia saa kabla ya kushuka au kupanda. Ukihamia, jiandikishe ndani ya siku 14. Beba pasipoti, kibali, mkataba wa nyumba, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Bima ya afya uikate ndani ya miezi mitatu, kila mtu yake, mtoto mchanga naye. Ukiikata ndani ya muda huo utatozwa kuanzia siku uliyofika; ukichelewa, bima huanza siku unayojiunga tu, na unaweza kuongezewa adhabu juu ya malipo. Ukihama, nenda dirishani tena ujifute. Wengi husahau hili wakaondoka na funguo tu, na kijiji kinaendelea kuwahesabu kama wakazi: kinawakadiria kodi kwa makisio kwa sababu hawakurudisha fomu, na bili zinapelekwa anwani ya zamani mpaka ofisi ya madeni inaingia.